Aliyeuchoma Msitu ili Usiungue

Siku niliyomwona Mama Misitu kwa mara ya kwanza, nilikwenda kumshtaki.

Nilikuwa na wiki moja tu kijijini, mwalimu mgeni niliyepangiwa shule ya msingi iliyo ubavuni mwa msitu, upande wa barabara ya kutoka Songea kwenda Namtumbo. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya huko mwezi wa sita inauma mpaka kwenye meno. Jioni nilitoka kuanua nguo nikaona moshi mlimani, juu ya shule. Nikasogea. Mwanamke wa makamo, aliyevaa suruali ya kiume na kujifunga kanga juu yake, alikuwa akitembea taratibu kwenye nyasi, mkononi ameshika kicha cha majani makavu kinachowaka. Anakiinamisha hapa, anapiga hatua kadhaa, anakiinamisha pale. Nyuma yake moto mfupi, wa kimo cha goti, ulikuwa ukitambaa kuelekea kwenye miti. Naye alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili.

Sikumsalimu. Nilikimbia hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamkuta ameketi kibarazani anamenya mihogo.

"Mwenyekiti, kuna mama anachoma msitu!"

"Amevaa daluga?"

"Amevaa nini?"

"Daluga. Viatu vya kuchezea mpira, vyenye meno chini."

Nikakumbuka miguu yake. Ni kweli, nilikuwa nimeona viatu vyeusi vyenye mistari myeupe, nikadhani macho yananidanganya.

"Ndiyo, amevaa."

Mwenyekiti aliendelea kumenya. "Basi huyo ndiye mlinzi wa msitu. Karibu kijijini, Mwalimu."

Asubuhi yake yule mama alinifuata nyumbani. Nilikuwa nawasha moto wa uji, nikamwona amesimama mlangoni mwa jiko, na jambo la kwanza alilolitazama halikuwa uso wangu bali mafiga.

"Shikamoo, Mama," nikasema, nimeshikwa na aibu.

"Marahaba. Nimesikia umenishtaki."

"Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Nikusamehe nini? Umefanya vizuri. Watu wengi hapa wakiona moshi wanageukia upande wa pili. Jitande kanga nyingine, kuna baridi, nikakuonyeshe."

Tulipanda mpaka pale alipochoma. Nyasi za juu zilikuwa zimekwisha, lakini nilipoweka kiganja chini, ardhi ilikuwa na unyevu. Miti ilikuwa imesimama, mininga na misuku, magome yameguswa na moshi kidogo tu, majani ya juu bado mabichi. Aliniambia kwamba umande wa usiku ndio uliouzima ule moto, kwa hiyo huwa anawasha jioni tu, upepo ukishalala.

"Moto wa sasa unachukua nyasi na kwenda zake," alisema. "Ukizikuta nyasi hizihizi mwezi wa tisa, hautaacha mti. Sasa mimi namwibia chakula chake mapema."

Hivyo ndivyo alivyousema moto siku zote, kama mtu. Mwizi hakuwa moto, mwizi alikuwa yeye.

Jina lake la ubatizo lilikuwepo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mama Misitu kwa padri, kwa watoto, kwa wanunuzi wa tumbaku, hata kwa dada yake wa damu. Nilikaa naye jirani miaka kumi na moja, na mambo ninayoyakumbuka hayaji kwa mpangilio. Nikikumbuka hili, lile linajichomeka.

Kabla ya kuamua kama siku inafaa kuwasha, alichuma jani la nyasi, akalipeleka sikioni na kulikunja. Likikunjika kimya, alisema, "Leo ndiyo." Likilia, hata kwa sauti ndogo ambayo mimi sikuisikia kabisa miaka miwili ya kwanza, alisema, "Leo hapana," na hakuna mtu aliyeweza kumbembeleza. Padri aliwahi kumwomba achome nyasi zilizozunguka kanisa la kigango kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Akakunja jani. Leo hapana. Askofu akakuta nyasi zimefika kiunoni, na Mama Misitu akaenda kumpokea akiimba sauti ya pili bila wasiwasi wowote.

Zile daluga alizipata kwenye mitumba. Miaka ile ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni na sukari, nguo za mitumba zikaletwa mpaka kijijini kwa baiskeli, na wafanyabiashara wa tumbaku wakaanza kuja na magari yao wenyewe, wakati zamani mnunuzi alikuwa ni ushirika peke yake. Mchuuzi alikuja na daluga zile akiwa amekata tamaa, maana hakuna kijana aliyekuwa na mguu mdogo hivyo. Mama Misitu akazijaribu mlimani palepale, akapanda, akashuka, akasema hajawahi kuvaa kiatu kinachoshika udongo namna ile. Alizivaa mpaka kanisani.

Lakini miaka hiyohiyo ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Yeye alikuwa kibarua wa misitu kwa muda mrefu, akifyeka mipaka, akiotesha miche, akizima moto. Barua ilikuja kutoka mjini, mwenyekiti akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mahali wametaja vifaa. Mwenyekiti akasema wametaja, virudishwe. Akapanda basi la Songea na panga la ofisi, jembe la ofisi, na koti la mvua la ofisi, akavikabidhi vyote na kudai asainiwe karatasi. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi watu wakamwona anapanda mlimani na panga lake mwenyewe.

"Mama Misitu, si wamekupunguza?" mwenyekiti alimuuliza.

"Wamenipunguza mimi," akasema. "Msitu hawajaupunguza."

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali, tena kwa mambo ya watu. Aliingia jikoni kwako bila hodi, akachungulia mafiga, na akiona majivu yamerundikwa bila kumwagiwa maji alikuchukulia maji yako mwenyewe ya kunywa na kuyamwaga pale. Mke wa mwenyekiti aliwahi kumfukuza kwa mwiko. Na alikuwa mwongo pale uongo ulipomfaa. Wawindaji wa ndezi walikuwa na tabia ya kuwasha nyasi za bondeni ili wanyama watoke, basi akatangaza kwamba bondeni kuna chui mwenye watoto. Kila mwezi alileta habari mpya za chui yule: amezaa tena, ana kilema cha mguu, juzi amemtazama usoni. Watu waliacha kwenda. Mimi mwenyewe sikwenda. Baadaye sana nilipomuuliza chui alikufa lini, alicheka mpaka akashika mti.

Alichukia mabani ya tumbaku. Kila mkulima alikuwa na bani lake, kibanda cha udongo ambamo tumbaku hutundikwa juu ya fito na kukaushwa kwa moto wa kuni siku nyingi, na kuni zile zilitoka palepale msituni. Angeweza kusimama mbele ya bani na kuhesabu kwa sauti miti aliyoiona imelala mle ndani. Wakati huohuo hakuweza kumaliza Baba Yetu bila kunusa ugoro. Kikopo chake cha ugoro kilikaa kwenye pindo la kanga, na waliomjazia walikuwa haohao wakulima aliotoka kuwagombeza. Baba Getruda, jirani yetu aliyekuwa na bani kubwa kuliko yote, alipenda kumchokoza.

"Mama Misitu, huo ugoro umekaushwa na jua?"

"Nyamaza, nipe kidogo."

Na mwanamke huyu, niliyemwona akiukanyaga moto kama mtu anayekanyaga watoto wa nzige, alikuwa akimwogopa kinyonga kuliko shetani. Siku moja tulikuwa tunafyeka, kinyonga akashuka kwenye tawi, kijani, mpole, anatikisika. Nilisikia panga likianguka. Nilipogeuka Mama Misitu alikuwa tayari yuko kwenye uwanja wa shule, daluga zinarusha vumbi. Panga lake nililichukua mimi.

Mwaka wangu wa tatu kijijini, mvua zilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kijito tulichokuwa tunachota kikawa mchanga, na wanawake walikaa kuanzia alfajiri kando ya shimo, wakingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Wanafunzi walikuja shule na vidumu kutoka majumbani. Mpaka mwezi wa tano nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya simba.

Mama Misitu alitaka kuchoma mwezi huohuo wa tano, kabla hazijakauka zaidi. Wakulima wa tumbaku wakakataa. Walikwenda kwa mwenyekiti na kusema kwamba mwaka kama huu ukiwasha kiberiti tu umemaliza mabani yote, na tumbaku ndiyo iliyokuwa imebaki, maana mahindi hayakuwepo. Hawakuwa wanasema upuuzi. Yeye mwenyewe alikiri. Wakakubaliana nusu kwa nusu: achome sehemu za juu, zilizo mbali na mabani, lakini mteremko wa chini, ule ulioanzia nyumbani kwangu, ukapita kwenye bani la Baba Getruda na kuishia shuleni, usiguswe.

"Basi tufyeke," alisema. "Tuutenganishe huo mteremko na shule. Tufyeke na kufagia mpaka udongo uonekane."

Siku iliyopangwa walikuja watu watatu. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu alipika togwa ya ulezi, mtungi mzima, na wakati ule ulezi ulikuwa haupatikani, akatangaza kanisani kwamba kuna togwa mlimani kwa kwaya peke yake. Akina mama wa kwaya walikuja wote na majembe, na waume wa akina mama wa kwaya wakaja kuangalia kuna nini. Tulifyeka huku tunaimba sauti nne. Tulipomaliza, kati ya ule mteremko na shule palikuwa na ukanda mtupu wa udongo, upana wa hatua tano hivi. Yeye aliupima kwa miguu, akatikisa kichwa.

"Mwembamba," alisema. "Lakini upo."

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Nilichelewa kuamka, nikapika uji haraka, na kengele ya kwanza ikanikuta nasafisha mafiga. Mama Misitu alikuwa ameniambia mara ngapi, sijui. Nilizoa majivu, nikatoka nyuma ya jiko, nikayatupa pembeni kwenye nyasi, nikakimbia darasani. Hata kikombe kimoja cha maji sikuyamwagia. Nilijiambia maji ni machache.

Saa sita upepo uliinuka. Nilikuwa nafundisha hesabu za mafungu nikasikia mlio kama mtu anakanyaga maganda ya karanga, mengi sana. Nikachungulia dirishani. Mteremko ulikuwa unawaka kutoka upande wa nyumba yangu, na moto wenyewe haukuwa wa kimo cha goti. Ulikuwa unapita vichwa vya watu.

Mwalimu mkuu alipiga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, akaipiga bila kupumzika. Tuliwapeleka watoto kwenye uwanja wa mpira, uliokuwa mtupu kama kiganja. Watu wakaja wakikimbia kutoka mashambani, wenye matawi mabichi, wenye majembe. Nyuma yetu yalikuwepo madarasa mawili yaliyoezekwa kwa nyasi, wazazi walikuwa wameyajenga kwa mikono yao. Yakishika moto, mengine yaliyofuatana nayo yangekwenda, kisha nyumba za walimu, kisha kijiji.

Mama Misitu alitokea upande wa juu. Hakuwa anakimbia. Alikuja mpaka kwenye ukanda, akasimama, akautazama moshi unavyolala.

"Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Uwanjani."

"Wote? Mmewahesabu?"

"Tumewahesabu."

"Haya." Akawageukia watu. "Huko juu hautapita, nilishapachoma. Lakini kwa upepo huu ukanda wetu utauruka kama mtu anavyoruka mfereji. Itabidi tuwashe mwingine kutokea hapa ukandani, ukakutane nao katikati. Ukifika usikute kitu cha kula."

Watu walitazamana. Baba Getruda akajitokeza mbele, jasho linamtoka.

"Uwashe? Na bani langu lipo hapo katikati?"

"Ndiyo, lipo."

"Limejaa, Mama Misitu! Tumbaku ya mwaka mzima!"

"Najua limejaa."

Hakumkumbusha kuhusu mwezi wa tano. Baba Getruda alilitazama bani, akageuka akayatazama yale madarasa ya nyasi, ambayo nguzo zake mbili alizibeba yeye begani. Binti yake Getruda alikuwa darasa la nne, alikuwa pale uwanjani na wenzake. Nilimwona anavua kofia na kuivaa tena.

"Nisaidieni kutoa tumbaku," akasema.

Tulipanga mstari kutoka mlangoni mwa bani mpaka ng'ambo ya ukanda, tukapokezana fito zenye tumbaku kama tunapokezana watoto. Joto lilikuwa limeshaanza kutuchoma nyuso. Mama Misitu ndiye aliyeingia ndani kabisa pamoja na Baba Getruda, akawa anashusha fito kutoka juu, anapiga chafya, anashusha, anapiga chafya. Nilimsikia akisema kwa hasira, "Tumbaku nyingi namna hii, halafu ugoro mnanipa kwa kidole!" Na Baba Getruda, katikati ya janga lile, akacheka.

Hatukuzimaliza. Zilibaki kama robo hivi aliposema, "Basi. Tokeni." Akatutoa wote, akachuma nyasi, akatengeneza kicha, akawasha. Akatembea ukingoni mwa ukanda kwa hatua zilezile nilizoziona jioni ile ya kwanza, anainamisha hapa, anainamisha pale. Sisi tulimfuata nyuma na matawi tukiua kila cheche iliyojaribu kurudi upande wetu. Moto wake ulisuasua kwanza. Halafu ule mkubwa ulipokaribia, ukaanza kuuvuta, na ghafla ukainuka na kwenda mbio kinyume na upepo kumlaki mwenzake. Ilipokutana ilitoa sauti kama shuka kubwa linapasuliwa. Paa la bani lilidondoka. Kisha hapakuwa na kitu cha kuwaka tena, na moto ukafa.

Mama Misitu alikaa chini palepale kwenye udongo, akavua daluga. Soksi zake zilikuwa zimetoboka vidole vyote. Mtoto mmoja akamletea kidumu chake cha maji. Alipiga funda moja, akakifunga, akakirudisha.

"Haya ni maji ya shule," alisema.

Kesho yake jioni alikuja kwangu. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulikaa jikoni. Alinusa ugoro, akafunga kikopo polepole.

"Mwalimu, wewe unasoma madaftari. Mimi nasoma majivu. Nimeufuata ule moto kwa nyuma mpaka ulikoanzia."

Sikuweza kumtazama.

"Jumapili baada ya ibada kuna mkutano," akaendelea. "Wale vijana wawili wanaowinda ndezi watatajwa. Watu wanasema wafukuzwe kijijini. Mmoja mkewe ana mimba. Mimi katika mkutano huo sitafungua mdomo. Nimekuja kukwambia hilo tu."

"Mama, nitafanya nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi ni wa misitu."

Akaondoka. Siku tatu zile sikula vizuri. Niliwaza kazi, niliwaza aibu, niliwaza nitakavyosimama mbele ya wanafunzi. Kuna wakati nilimchukia kwa kutonishtaki, kwani angenishtaki ningekuwa nimeshapumua.

Jumapili mwenyekiti alisimama na kuwaita wale vijana mbele. Mmoja alikuwa anaapa kwa mama yake. Nilisimama kabla hajamaliza kuapa.

"Waacheni," nikasema. "Ni mimi. Nilitupa majivu yana moto nyuma ya jiko langu, nikakimbilia kipindi."

Nilitafuta uso wa Mama Misitu katika watu wale. Alikuwa anafuta kikopo chake cha ugoro kwa pindo la kanga, hajainua macho. Baba Getruda ndiye aliyesimama. Mikono yake ilikuwa bado na malengelenge.

"Mwalimu," akasema, "unajua kukandika?"

"Sijui."

"Utajua."

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili, na mkutano wote ukalegea. Niliamriwa kusaidia kujenga bani jipya mpaka liishe, na kila mwaka, kwa muda wote nitakaokaa pale, kuwa mkononi mwa Mama Misitu wakati wa kufyeka na wakati wa kuchoma. Nilikandika ukuta wiki mbili, mchana shule, jioni matope. Wale vijana wawili walikuja kunisaidia bila kuitwa. Mama Misitu alikuwa na sharti lake: bani jipya lishuke bondeni, lizungukwe na udongo mtupu, na kuni ziwe za miti iliyokufa. Baba Getruda alibisha kwa heshima ya kubisha tu, kisha akakubali. Getruda alitukanyagia udongo, akajaa matope mpaka kwenye nywele.

Adhabu ile ndiyo ikawa furaha yangu. Siwezi kueleza vizuri. Kila mwaka nyasi zikianza kubadilika rangi nilikuwa namngoja kama watu wanavyongoja sikukuu. Baada ya moto ule hakuna aliyekataa tena kuchoma mapema. Kijiji kizima kilipanda mlimani, kwaya ikiongoza, na yeye akipita katikati na jani lake la nyasi sikioni. Mwaka wangu wa tano, alinipa jani mimi.

"Haya, sikiliza."

Nililikunja. Nikasikia kitu kidogo sana, kama kucha inayogusa kucha.

"Leo hapana," nikasema.

Alilichukua, akalikunja mwenyewe, akalitupa. "Mmesikia," akawaambia watu. "Leo hapana. Rudini nyumbani."

Na mvua ya mwaka ule wa ukame ilikuja, ingawa ilichelewa. Ilinyesha wiki moja mfululizo, kijito kikarudi, na msitu wa juu ambao haukuungua ukatoa uyoga mpaka watu wakachoka kuubeba. Masuku yalianguka yenyewe. Nilimwona Mama Misitu amekaa chini ya mvua nyepesi, ana masuku mapajani, anakula na kuzitema mbegu mbali kadiri pumzi zake zilivyoweza kuzifikisha. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapanda miti.

Nilihamishiwa mjini baadaye, shule nyingine, nikaolewa, nikawa na nyumba yangu. Yeye alibaki mlimani mpaka miguu ilipokataa kupanda, ndipo mpwa wake akamchukua kuja kuishi naye Lizaboni, hukuhuku mjini Songea. Niliposikia nilihuzunika. Nilimwaza katika nyumba ya mjini, kati ya kuta na vumbi na pikipiki, hana mti wa kuutazama. Nilikwenda kumwona mwezi wa kumi, saa tisa mchana, jua kali, upepo wa joto unapeperusha mifuko ya plastiki barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kumliwaza.

Nilimkuta amejilaza kwenye mkeka barazani, mto kichwani, miguu mitupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Umenenepa, vizuri."

"Pole na kukaa mjini, Mama. Najua umezoea kwingine."

"Pole ya nini?" Aliinuka kidogo kwa kiwiko, uso umemchangamka. "Mwalimu, ngoja nikwambie. Toka nilipoanza ile kazi sijawahi kulala mchana mwezi wa tisa wala wa kumi. Hata siku moja. Hata nikiumwa. Jicho moja lilikuwa mlimani. Sasa tangu nije hapa, nikishakula, nalala. Nalala kama mtoto! Kumbe usingizi wa mchana ni mtamu hivi, na nyinyi mlikuwa nao miaka yote mkaninyamazia."

Tulicheka. Mpwa wake alisema chai inachemka. Nilimpa habari za kijijini nilizokuwa nazo, nani ameoa, nani amejenga, na katikati ya habari ya mwenyekiti mpya nikaona mdomo wake umelegea. Alikuwa amelala.

Nilikaa namtazama. Upepo ukaleta harufu ya moshi.

Sikufikiri. Nilivaa viatu, nikatoka, nikafuata harufu ile nyumba ya tatu, nikakuta mama mmoja ameacha maganda ya mahindi yanaungua uani, karibu na uzio wa mabua, amekwenda kujibu mtu getini. Nilimsalimu, nikamwomba ndoo. Alinishangaa, lakini akanipa. Tulimwaga maji pamoja, nikachukua kijiti nikapekua mpaka chini nikahakikisha kila kitu kimelowa, akaniuliza kama mimi ni wa serikali. Nikamwambia mimi ni mwalimu tu.

Niliporudi nilivua viatu taratibu na kukaa palepale kwenye mkeka. Chai ilikuwa imeshaletwa. Mama Misitu hakufungua macho.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu, Mama. Kwa jirani."

"Umezimika?"

"Umezimika."

"Haya," akasema, akageukia ukutani, akaendelea na usingizi wake.